Kiongozi aliyenizuia nisisogelee kiota: matembezi yangu ya kutazama bata Momella

Nimefuga bata hapa Tengeru kwa miaka 19. Ni wale bata wa kienyeji wenye mashavu mekundu, wanaoatamia siku 35 bila kuchoka. Msimu uliopita mmoja wao alilalia mayai 14, akatotoa 9, na mwezi ulipokwisha nilikuwa na vifaranga 3. Wengine walikwenda na mwewe, na kenge, na mvua ya usiku mmoja. Kwa hiyo binti wa jirani anayesoma mambo ya wanyamapori aliponiambia kwamba kwenye maziwa ya Momella, mwendo usiofika hata saa moja na nusu kutoka kwangu, yuko bata wa porini aliye hatarini kutoweka duniani, nilitaka sana kujua yeye analeaje.

Nilitafuta kiongozi wa kutembeza watu kutazama ndege. Sikutaka gari la kuzungushwa kuona twiga na kurudi. Nilimpata kijana mmoja wa Usa River kupitia ofisi ndogo inayompangia wageni. Jina lake na la ofisi siyaandiki hapa, kwa sababu nitakayoyasema mengine ni sifa na mengine ni lawama, na sikuwaomba ruhusa. Nililipa 80,000 kwa nusu siku, mimi na mjukuu wangu wa miaka 11. Kiingilio cha Hifadhi ya Taifa Arusha, ada ya mtumbwi na ya askari ni malipo ya pembeni, na langoni hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi. Jaza salio kabla hujaondoka nyumbani. Sisi tulikaa langoni dakika 40 kwa sababu ya mtandao, na asubuhi ndiyo saa ya ndege.

Lawama niimalize mapema. Ofisi ilituahidi darubini mbili. Tulipewa moja, nayo kioo cha kushoto kilikuwa na ukungu kwa ndani, ule usiofutika kwa kitambaa. Ukitazama ndege mdogo upande wa pili wa maji unaona kivuli cha kahawia tu. Kiongozi alipoona mjukuu wangu anakunja uso akamvisha ya kwake shingoni, akabaki yeye anatazama kwa macho. Ni uungwana mkubwa, lakini ofisi inayouza safari ya kutazama ndege isimfanye kiongozi wake alipie uzembe wao kwa macho yake. Hapo ndipo nyota moja kati ya tano ilipoondoka.

Sasa bata mwenyewe. Watazamaji wa ndege humwita makoa. Nilimtarajia mkubwa, kumbe ni mdogo kuliko jike langu la nyumbani, mnene, shingo fupi, anakaa chini sana majini hadi unadhani anazama. Dume wakati wa kutafuta majike ana kichwa cheusi, mwili wa rangi ya udongo mwekundu uliochomwa, na mdomo wa buluu. Buluu kabisa, kama rangi ya mlango wa duka. Mjukuu wangu alisema, "Bibi, nani kampaka?" Jike ni wa kijivu na kahawia, na chini ya jicho ana mstari mweupe-mweupe unaokwenda hadi nyuma ya shavu. Mkia wao ni mgumu kama ufagio wa chelewa, mara wanaulaza juu ya maji, mara wanausimamisha wima.

Tulipanda mtumbwi kwenye Momella Ndogo, mimi katikati na jaketi okozi lililonibana kidogo, askari na bunduki yake mbele, kijana nyuma na kasia. Viboko walikuwa mbali upande wa matete na tuliwaacha huko. Nyati walisimama ufukweni wakitutazama. Kijana alitueleza kwamba maziwa haya yanalishwa zaidi na maji ya chini ya ardhi, ni ya magadi, na kila moja lina rangi yake kwa sababu mwani unaoota humo si mmoja. Ndiyo maana heroe utawakuta kwenye ziwa hili leo na kesho kwenye lile. Makoa naye ana hesabu yake. Chakula chake kiko chini kwenye tope, hasa mabuu ya wadudu wanaofanana na mbu, na hula kwa kupiga mbizi. Tulihesabu pamoja na mjukuu wangu: anazama, moja, mbili, tatu... tunafika 18, 20, anaibuka mahali pengine kama kizibo cha chupa. Miguu yake iko nyuma sana mwilini kwa ajili ya mbizi hizo, kwa hiyo nchi kavu hatembei vizuri. Maisha yake yote ni majini. Maji yakiharibika, hana pa kukimbilia kwa miguu.

Dume mmoja alitupa onyesho. Alivimbisha shingo hadi ikawa nene kama kichwa, akanyoosha mdomo wa buluu mbele, mkia juu, kisha ikatoka sauti ya mkoromo wenye kutetemeka, kama mtoto anayeigiza pikipiki kwa midomo. Maji mbele ya kifua chake yalitetemeka nayo. Jike aliyekuwa karibu hakugeuka hata kidogo. Kijana alituambia dume hulinda eneo lake na majike kadhaa humo, lakini akishapanda, kazi yake imekwisha. Haatamii, halei, hapeleki vifaranga popote. Nikamwambia, "Mwanangu, hata madume yangu ni hivyo hivyo." Akasema, "Ndiyo mama, ila wako wana wewe."

Neno hilo nimekuwa nalo tangu siku ile.

Baada ya mtumbwi tulitembea kwa miguu na askari hadi mahali penye matete marefu. Sitataja ni ziwa gani wala upande gani. Kijana aliniomba nisiandike popote, nami nimeahidi. Alitusimamisha nyuma ya kichaka, hatua kama 60 kutoka ukingo wa maji, akasema hapa ndipo mwisho wetu. Kiota kilikuwa ndani ya matete, hatukioni. Tulichokiona ni mwanya mwembamba kati ya mabua, upana wa kiganja. Tukakaa.

Mimi nilikuwa nimelipa nione kiota. Nilimwambia hivyo, kwa upole. Akajibu, "Nisamehe mama, lakini hapo sikupeleki." Kisha akanieleza kwa sauti ya chini, na maelezo yake yalikuwa ya mtu anayejua. Jike akishtushwa anatoka bila kufunika mayai. Jua la saa sita linapiga mayai yaliyo wazi. Kunguru wamesoma tabia ya watu, wanajua mtu akisimama mahali na ndege akaruka, pana kitu. Na mtu akipita kwenye matete anaacha njia ya mabua yaliyolala, na njia hiyo usiku huo inatumiwa na mwingine. Niliyekuwa nikimfikiria ni kenge. Nyumbani kwangu nimeiona njia ile ile kwenye majani ya tembo, niliyoikanyaga mwenyewe kila asubuhi nikienda kuhesabu mayai.

Tulingoja kimya kirefu. Mjukuu alilala usingizi, akaamka. Halafu jike akatoka kwenye ule mwanya, hakuruka, hakupiga kelele. Alitokeza kichwa kwanza, akatulia, akazama papo hapo, akaibuka mbali kabisa katikati ya maji wazi kana kwamba ametokea huko. Kama usingekuwa unautazama mwanya wenyewe usingejua ametoka wapi. Kijana akaandika saa kwenye daftari lake dogo la mistari. Jike alikula kwa haraka haraka, mbizi juu ya mbizi, akarudi baada ya dakika 26, kwa njia ile ile ya chini ya maji. Kijana akaandika tena. Ana ukurasa mzima wa kiota hicho: tarehe, saa ya kutoka, saa ya kurudi, kina cha maji kwenye kijiti alichokichomeka ukingoni na kukitia alama za kisu.

Kijiti hicho kina maana kubwa kuliko nilivyodhani. Makoa hujenga kwa kukunja mabua ya matete hadi yanakuwa bakuli, juu kidogo tu ya maji. Wakati mwingine hutwaa kiota kilichoachwa na kukuziwa. Maji yakipanda baada ya mvua kubwa, mayai yanalowa. Yakishuka, kiota kinabaki juu ya tope kavu na kila mwenye miguu anakifikia. Kiota cha kwanza alichowahi kukifuatilia kilizama kwa mvua za siku mbili. Alisimama ukingoni akaona jike anazunguka juu ya mahali pale. Alinisimulia hilo huku anatazama pembeni.

Nilimuuliza kuhusu mayai. Kwa kawaida ni kama 5 au 6, ni makubwa kuliko unavyotegemea kwa ndege wa umbo lile, na jike huatamia peke yake siku 25 hadi 27. Jike mwingine huweza kuja kutagia humo humo, na makoa wengine huenda kutagia hata kwenye kiota cha ndege wa aina nyingine. Kwa hiyo kuhesabu mayai peke yake hakukwambii mama yule ana watoto wangapi. Na kifaranga akitoka, kwa sababu yai ni kubwa, anatoka na nguvu: muda mfupi tu yuko majini anajaribu mbizi.

Kama haendi kiotani, anajuaje kwamba mayai yametotolewa? Hapo ndipo aliponishika. Alitupeleka upande mwingine kwenye kiota cha zamani, ambacho mwenyewe alikwisha kukihama na vifaranga kwa zaidi ya wiki mbili. Hicho aliniruhusu nikiguse. Mabua yamesukwa ndani kwa kukunjwa, yamekauka, yananukia kama mkeka mpya uliopigwa jua. Chini kulikuwa na manyoya laini machache ya kijivu, na vipande vya maganda. Akachukua kipande kwa kidole akakigeuza. Ndani ule utando mweupe ulikuwa umeachana na ganda, mkavu kama karatasi, unang'oka wote kwa pamoja. Yai lililototolewa linaacha utando hivyo. Lililopasuliwa na mnyama linabaki na utando umegandamana, na mara nyingi kuna kiini kilichokauka pembeni. Miaka 19 nimefagia maganda bandani nikayatupa jalalani, na majibu yote ya nani alikula mayai yangu yalikuwa humo.

Kwa somo hilo peke yake ningelipa mara mbili.

Chakula cha mchana ofisi ilitufungashia kwenye boksi: chapati, yai la kuchemsha, ndizi, juisi. Safi, hakina ubaya wala sifa. Tulikula mahali pa wazi karibu na eneo wanaloliita Serengeti Ndogo, pundamilia wako pale, na mazungumzo yakarudi kwa bata. Nilidhani vita yote iko kwenye kiota. Kijana akanisimulia habari za Madagaska, za bata mwingine mpiga mbizi ambaye watu walishaamini ametoweka. Mwaka 2006 wakamkuta tena, wachache sana, kwenye ziwa la Matsaborimena kaskazini mwa kisiwa. Wanataga, wanatotoa vizuri. Lakini vifaranga 96 katika kila 100 walikuwa wanakufa kabla ya kuruka. Walikuwa wanakufa njaa. Ziwa lile ni shimo la volkano, lina kina kirefu na kingo za ghafla, na chakula cha chini kwenye tope kifaranga hakifikii. Wale bata walibaki pale kwa kuwa sehemu nyingine nzuri zilikwisha kuharibiwa, na mwisho wakashikilia pasipowafaa. Mwaka 2009 watu walikwenda kuokota mayai ili yatotolewe kwa mashine, wakaanza kuwafuga, na Desemba 2018 bata 21 wakaachiwa kwenye ziwa Sofia, baada ya kukaa kwanza kwenye vizimba vinavyoelea ili walizoee. Wenyeji wa Sofia wavuvi na wakulima wa mpunga walishirikishwa tangu mwanzo.

Nilikumbuka vifaranga wangu 6 waliokufa. Sikuwahi kujiuliza kama walishiba.

Makoa hajafikia hapo. Wako makundi mawili mbalimbali, moja huku kwetu kuanzia Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanzania, na jingine kusini, Afrika Kusini na Namibia. Wote kwa pamoja makadirio niliyosikia hayazidi kama 12,000, na wanapungua. Mwaka 2007 ulitolewa mpango wa kimataifa wa kumlinda, chini ya mkataba wa ndege wa majini wanaohama ambao Tanzania ni mwanachama. Kijana anao kwenye simu, ameupitia mstari kwa mstari. Sababu zinazotajwa ni ardhi oevu kukaushwa kwa kilimo, maji kuchafuka (na yeye anayekula topeni ndiye anayekusanya sumu), na nyavu za kutega. Ndege anayezama kutafuta chakula akiingia kwenye wavu hapati pumzi. Hilo sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Kaka yangu mkubwa alivua kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu miaka mingi, na tulipokuwa wadogo alikuwa akileta samaki, na mara mojamoja ndege aliyekufa majini kwenye wavu. Tulimla. Hatukujua ni nani. Ndani ya hifadhi hakuna nyavu, lakini makoa hakai ziwa moja mwaka mzima. Anafuata maji, usiku anaruka kwenda bwawa lingine, na mabwawa mengine yana wavuvi wenye watoto wa kulisha kama alivyokuwa kaka.

Jambo moja lilinikera, nalo si la kijana wala ofisi yake. Tukiwa pale nyuma ya kichaka lilikuja kundi jingine na kiongozi wao, watu wanne, wakapita mbele yetu moja kwa moja hadi kwenye matete. Mmoja alirusha kijiwe ili ndege waruke apate picha. Kukuziwa wakatawanyika, vibisi wakazama, na kwenye ule mwanya wetu hatukuona kitu kwa muda mrefu sana. Kijana aliwafuata, akawasalimu vizuri, akawaeleza. Yule kiongozi mwenzake akamjibu kwamba wageni wamelipa. Askari wetu ndiye aliyewarudisha nyuma. Natamani kila anayelipa ajue kwamba anaweza kumwambia kiongozi wake mwenyewe, "Tusimame hapa hapa." Wateja tukisema hivyo, viongozi wa namna ile watabadilika mapema kuliko kwa kibao chochote cha onyo.

Kwa anayetaka kwenda: omba kuanza saa 12 asubuhi, na ofisi ikikubadilishia kuwa saa 2 kama walivyojaribu kwangu, kataa. Nenda na darubini yako hata kama ni ya kuazima. Usivae nguo nyeupe. Mtoto chini ya miaka 10 atachoka kungoja. Uliza kama kiongozi wako anaandika daftari, wangu ndivyo nilivyompata, jirani aliniambia "yule mwenye daftari." Na usimtarajie akuoneshe kiota chenye mayai. Akikubali haraka, tafuta mwingine.

Nimeipa huduma hii nyota 4. Ingekuwa kijana peke yake ningempa 5.

Nyumbani nimefanya mabadiliko mawili. Siendi tena kwenye kiota kila asubuhi. Naangalia mara moja kwa wiki, kwa njia tofauti. Na maganda nayageuza kabla ya kuyatupa. Juma lililopita nilikuta matano yenye utando ulioachana, na mawili yaliyogandamana, yote mawili upande wa ukuta wenye tundu. Tundu nimeliziba kwa simenti.

Siku ya 17 baada ya safari yetu kijana alinitumia ujumbe jioni: "Shikamoo mama. Ametoka nao. Wanne, wote wanazama." Kulikuwa na picha, ya mbali mno, maji ya kijivu na madoa. Mjukuu wangu aliikuza kwenye simu hadi ikawa vigae vya rangi, akaweka kidole juu ya kila doa, akahesabu: mama yao, na moja, mbili, tatu. La nne lilikuwa mduara mdogo juu ya maji, mahali ambapo mtu ametoka kuzama sasa hivi.